Herufi zetu zina A nyingi: miezi yangu na wembe, raba na laptopu

Habari za jioni jamani. Wakubwa shikamooni, wenzangu wa mwaka wa kwanza mambo vipi, naona wengine mmesimama huko mlangoni, sogeeni tu mbele kuna nafasi. Kabla sijawasha projekta naomba hiki kipande kipite mkononi, anza wewe dada hapo, kishike, kipapase kwa kidole halafu mpe wa pembeni yako. Hiyo ni raba. Ile raba ya shiti wanayonunua mafundi viatu kukatia soli, mi nilinunua Kariakoo, na juu yake nimechonga neno moja tu, MAMA, kwa wembe. Kikifika nyuma kabisa kitarudi, na mi ntakuwa nimeshafika kwenye habari yake.

Mimi ni mwanafunzi wa dizaini, mwaka wa tatu, kwetu Tanga. Kwa miezi kumi na moja sasa nachonga herufi kwa mkono, nazichapa kwenye karatasi na vitambaa, halafu nazirudisha kwenye kompyuta ziwe fonti ambayo mtu yeyote anaweza kuandikia. Nimeombwa nieleze nilivyofanya na nilichokiona njiani, na kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani kuliko vyote ntakisema mapema ili hata ukitoka katikati uwe umekisikia: Kiswahili kina sura yake kikiandikwa, sura ya macho yaani, kabla hata hujasoma maana, na hiyo sura karibu hakuna aliyekaa chini akaichorea herufi kwa makusudi. Tunaazima herufi zilizopimwa kwa maneno ya watu wengine.

Ilianza na kazi ya darasani. Tuliambiwa kila mtu atengeneze bango, mi nikasema ntaweka jina la kanga, kubwa, katikati, basi. Nikafungua laptopu nikaandika AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI kwa fonti nene ya kawaida, nikaweka pindo kuzunguka, nikaweka rangi nyekundu na nyeupe. Haikuwa kanga. Kila kitu kipo lakini sio kanga, na sikujua kwa nini, nikakaa nayo siku mbili nabadilisha fonti moja baada ya nyingine na bado.

Nikaenda Mtaa wa Uhuru na tepu ya fundi cherehani. Wauza kanga walinivumilia sana, nawashukuru, maana nilikuwa nafungua doti moja baada ya nyingine napima maandishi na sinunui. Wote hapa mnajua kanga ilivyo, mita moja na nusu hivi kwa upana na mita moja na kitu kwa kimo, pindo pande zote nne, mji katikati, na jina linakaa chini kwenye mji, juu kidogo ya pindo, mara nyingi ndani ya kisanduku. Sasa nilichokiona ni hiki. Kile kisanduku kinabadilika kidogo sana kutoka kanga moja hadi nyingine, ila majina yanatofautiana urefu mno. Jina fupi kama WEMA HAUOZI, herufi zinapanuliwa mpaka zijaze. Jina refu lenye maneno saba, herufi zinabanwa mpaka zienee. Lakini, na hapa ndo nilikaa chini kwenye ngazi ya duka, zikibanwa unene wa miti yake, yaani ile mistari inayosimamisha herufi, haupungui. Ule mti wa K wa jina refu ni mnene karibu sawasawa na mti wa K wa jina fupi.

Ukifanya hivo kwenye kompyuta, ukalishika neno pembeni ukalisukuma lipungue upana, miti iliyosimama inakonda na ile mistari ya kulala inabaki minene vilevile, kwa hiyo A inakuwa na miguu ya njiti na fimbo nene katikati. Ndo ilikuwa shida ya bango langu. Aliyechora kanga hakusukuma kitu, alichora upya, kila jina, kila herufi, ijae kisanduku chake na ibaki na nguvu zake. Na alikuwa na sababu, kanga inasomwa kwa mbali, mwenzio anatembea mbele yako, kitambaa kinakunjika na kukunjuka, mti ukikonda hapo hausomi kitu.

Hii kazi ina umri. Kule Mombasa familia ya Kaderdina Hajee Essak inauza kanga tangu 1887, wengi mmeona ile alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla pembeni ya jina. Na majina ya kwanza kabisa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndo herufi Waswahili walizokuwa wakiandikia lugha yao kwa karne nyingi, hizi za Kilatini zilikuja baadaye. Kwa hiyo hata kwenye kitambaa hiki kimoja lugha yetu imeshabadilisha nguo mara moja. Ntarudi hapo mwishoni kama muda unatosha.

Basi nikasema siwezi kuelewa hizi herufi kwa kuziangalia, ngoja nizichonge.

Wale wanaofundisha kuchapa kwa mkono wanatumia linoliamu, ile iliyobuniwa Uingereza na Frederick Walton kwenye miaka ya 1860, inatengenezwa kwa mafuta ya kitani na ilikuwa ya kutandika sakafuni, wasanii wakaiona inachongeka vizuri wakaichukua. Huku kwetu kuipata ni shughuli na bei yake sio ya mwanafunzi. Nikajaribu mkeka wa plastiki wa sakafuni, mgumu, wembe unateleza, nina kovu hapa kwenye dole gumba. Nikajaribu kandambili, laini mno, ukikandamiza herufi zinavimba, O inakuwa kama andazi. Halafu rafiki yangu mmoja ambaye baba yake anashona viatu akaniletea kipande cha raba ya soli. Siku hiyo nilichonga mpaka usiku wa manane. Inakata safi, haivimbi, na wino inaushika.

Ila mkono wenyewe wa kuchonga nilipewa na mzee mmoja Tanga. Anachonga mihuri, amekaa barazani na kimeza chake miaka mingi, siku hizi mihuri mingi inatoka kwenye mashine kwa hiyo wateja wamepungua lakini bado yupo. Nilienda likizo nikamwamkia nikamwomba anionyeshe. Hakuniuliza nasoma nini, alinipa wembe uliovunjwa nusu na kipande cha raba akasema chonga A. Nikaanza na ukingo wa nje kama tunavyochora. Akanizuia. Akasema, mwanangu, anza na tumbo, lile tundu la ndani, sababu ukikosea nje unaweza kupunguza ukarekebisha lakini ukishakula ukuta kwa ndani herufi imekufa. Halafu akasema usizungushe mkono, zungusha raba, mkono utulie palepale. Jaribu ukifika nyumbani, hata kwa kifutio na wembe, utaona tofauti kwenye mpindo wa O kwa dakika tano tu.

La tatu alilonifundisha ndo limebadilisha kazi yangu yote. Pale juu kabisa kwa ndani ya A, pale miguu miwili inapokutana, mi nilichonga kona kali, safi, nikaona nimemaliza. Akachukua wembe akachimba zaidi, akakata kakona kadogo kanaingia ndani ya nyama ya herufi. Nikamuuliza babu mbona unaiharibu. Akasema, mpe wino pa kupumulia. Akapaka wino, akagonga muhuri wake na wangu kwenye karatasi moja. A yangu tumbo lilikuwa limeziba juu, wino umejaa pale konani, inaonekana kama donge. Ya kwake imekaa wazi, kona kali, kama imechorwa kwa rula. Yaani kile kidonda alichokata hakionekani, wino unakuja unakijaza na matokeo yake ndo ile kona uliyoitaka.

Nikarudi chuoni nikaja kugundua kwamba Matthew Carter, mchora herufi maarufu sana, alifanya jambo hilohilo kwenye herufi ya Bell Centennial, ilitoka 1978 kwa ajili ya kitabu cha simu cha Marekani. Kitabu cha simu karatasi yake mbaya, maandishi madogo, mashine inakimbia, wino unatapakaa. Akakata vikona kwenye maungio ya herufi wino ukimbilie huko. Ukiikuza ile fonti kwenye skrini unaona mapengo ya ajabu, ukiichapa kwa udogo wake mapengo yanapotea. Mzee wangu hajawahi kuisikia hiyo fonti, ana wembe na kimeza, na amefika palepale kwa sababu wino ni uleule.

Raba imerudi? Aa bado iko huko. Haya, niseme tu habari yake.

Ile ni ya pili. Ya kwanza nilichonga HAKUNA KAMA MAMA, maneno matatu kwenye kipande kirefu, kazi ya wiki nzima. Wote tunajua herufi kwenye muhuri zinachongwa kinyume, kama kwenye kioo, ili zikichapwa zisomeke. Mi najua hilo. Lakini nilipoanza, MAMA nikaichonga kwanza sababu ndo neno ninalolipenda, na nikagundua M kwenye kioo ni M, A kwenye kioo ni A, nikapata raha, nikaendelea kuchonga naangalia karatasi yangu moja kwa moja bila kioo. Wiki nzima. Nikapaka wino, nikaweka karatasi, nikasugua, nikainua, na kilichotoka ni AMAM AMAK ANUKAH, na K zote na N zimegeukia upande mwingine. Herufi moja moja nyingi ziko sawa, mpangilio wote umegeuka. Niliumia jamani. Nilikaa na ile karatasi mkononi wino haujakauka na nikalia kidogo.

Lakini sikuitupa, nikaibandika ukutani juu ya kitanda, na baada ya siku chache za kuiangalia ndo nikaanza kuhesabu. HAKUNA KAMA MAMA ina herufi 14. Kati ya hizo 11 ukizipeleka kwenye kioo hazibadiliki, ni K mbili na N moja tu zinageuka. A peke yake ziko sita. Nikachukua AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI, herufi 27, zisizobadilika 15. Nikaandika orodha: A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y, hizo zote kushoto na kulia ni sawa. Sasa angalia irabu zetu tano. A, I, O, U, zote zimo, E peke yake ndo imebaki nje. Na Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, na irabu zimejaa kila mahali katikati, ongeza M na W na Y na H zinavyojirudia kwenye wa na ya na ha na m, basi ukiandika Kiswahili kwa herufi kubwa unaandika kitu kilichosimama wima, kimetulia, pande mbili sawa, kama mlango baada ya mlango. Kiingereza sivyo, kimejaa E na R na S na N, herufi zinazoangalia upande mmoja.

Hapo ndo nilielewa kwa nini bango langu la kwanza halikukaa. Fonti niliyotumia ilikuwa na E nzuri sana. R nzuri, S nzuri mno, unaona kabisa aliyeichora alizipenda. A yake ilikuwa ya kawaida tu, sababu kwenye lugha yake A inakuja mara chache kuliko E, na K na W na Y ni chache zaidi. Kwetu A ndo mwenye nyumba. Ukiandika HAWAKUYAJUA, kama fonti yako ina A pana yenye mabega yanayoteleza, unapata mashimo ya pembetatu kati ya herufi, A na W zinapishana vizuri, W na A vizuri, halafu K na U zinabanana, neno zima linapumua vibaya.

Kuna kaka ananyoosha mkono. Ndio. Anauliza je zamani walichapaje. Swali zuri. Msimulizi, lile gazeti la UMCA, wamisionari wa Kianglikana, pale Kiungani, Zanzibar, lilianza 1888, halafu Kiongozi likatoka Tanga, nyumbani kwetu, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, 1904. Enzi hizo ni herufi za madini ya risasi, moja moja, zinapangwa kwa mkono kutoka kwenye sanduku lenye vyumba. Na lile sanduku la Waingereza lilitengenezwa kwa lugha yao, chumba kikubwa kuliko vyote ni cha e, cha k ni kidogo mno, vya w na y vya wastani. Mtu akipanga Kiswahili kwa seti kama hiyo a zinamwishia na e zimebaki chumbani tele, hiyo ni hesabu tu. Huwa nawafikiria sana wale vijana waliokuwa wanapanga, nadhani wao walijua hili ninalowaambia leo kwa vidole vyao.

Na siwezi kuzungumzia kuchonga maneno bila kumtaja John Muafangejo. Alizaliwa Angola 1943, akaishi Namibia, akasomea uchapaji Rorke's Drift kule Afrika Kusini, akafariki 1987. Huyu alichonga linoliamu, nyeusi na nyeupe, na ndani ya picha akawa anachonga maneno, sentensi nzima za Kiingereza, zinapita juu ya vichwa vya watu, zinazunguka pembeni. Hakuziweka baadaye kwa mashine, ni wembe uleule uliochonga uso ndo umechonga herufi, kwa hiyo maneno na watu wana ngozi moja. Mwalimu alipotuonyesha kazi zake darasa lilinyamaza. Mi nilichokichukua kwake ni kutoiogopa herufi isiyolingana na mwenzie. A ya kwanza na A ya nne sio pacha, ni ndugu.

Na hapo ndo tunaingia kwenye kompyuta, sababu kompyuta inapenda pacha.

Nilivyofanya, nimechapa kila herufi mara nyingi. Wino ni wa ofseti, naomba kwa mafundi wa matbaa wananipimia kwenye kikopo, unauviringisha kwa rola juu ya kioo mpaka usikie sauti, wino ukiwa mzito mno unalia kama kitu kinabanduka, ukiwa sawa unachacharika taratibu kama mafuta yanayoanza kupata moto. Unapaka kwenye raba, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa mwiko. Mwiko wa ugali, huu hapa, mgongo wake umeshakuwa laini kama kioo. Dar na unyevu wake wino wa ofseti unachukua siku tatu nne kukauka, mvua za masika hata wiki, kwa hiyo chumba chetu bwenini kilikuwa na kamba za karatasi kila upande, wenzangu wa chumbani Mungu awabariki.

Zikikauka naziskani, naziingiza Inkscape, inazigeuza kutoka picha kuwa mistari. Hii programu ni ya bure, na FontForge ninayotengenezea fonti nayo ni ya bure, nalisema hilo kwa nguvu kwa sababu wengi mnadhani bila kulipia programu kubwa huwezi kuanza. Sasa ukiiacha kompyuta igeuze yenyewe inafuata kila kitu, kila vumbi, kila unyoya wa karatasi. A yangu ya kwanza ilikuwa na pointi, zile nukta zinazoshikilia mstari wa herufi, zaidi ya 600. A inahitaji kama 11. Nikabonyeza ile sehemu ya kurahisisha, ikanirudishia A laini, nzuri, safi, na imekufa. Haina wembe ndani yake.

Kwa hiyo nikalazimika kukaa na kila herufi na kuuliza, hapa ni uchafu au ni mkono? Vumbi ni uchafu, toa. Kona iliyochimbwa ya mzee ni mkono, acha. Mguu wa kulia wa K umepinda kidogo kwa ndani, nilipochunguza nikaona umepinda kwenye kila K niliyochonga, miezi yote, kwa sababu pale ndo nazungusha raba, basi huo ni mkono, nikauacha na nikauweka na kwenye mguu wa R ufanane. Herufi moja ilinichukua jioni nzima. Sijutii hata jioni moja.

Halafu nikachora A nne. Tofauti, zote kutoka kwenye chapa zangu. Ndani ya fonti unaweza kuandika kanuni, ukikutana na A na nyuma yake karibu kuna A nyingine, usirudie ileile, chukua inayofuata. Kwa Kiingereza A nne ni anasa. Andika HAKUNA KAMA MAMA uone, A sita, zingekuwa pacha jicho lingezinasa mara moja. Tazameni hapo kwenye skrini, kushoto ina A moja, kulia ina zote nne. Mnaona kulia inavyotembea? Nikachora na K mbili, M mbili, W mbili. E moja tu, imetosha.

Kile kisanduku cha kanga nacho kimepata dawa. Tangu 2016 kuna aina ya fonti inayobeba upana wake wote ndani ya faili moja, unachora nyembamba na unachora pana, na ukisogeza kitelezi inakupa kila kilichopo katikati, na ukichora vizuri unene wa miti haupungui. Nimechora zote mbili. Sasa naandika jina lolote, nasogeza mpaka lijaze kisanduku, na K inabaki na nguvu zake. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza nilimpigia mama simu.

Bado kuna ng'. Hii inanikera kwa moyo wote. Andika NG'OMBE kwa herufi kubwa kwenye fonti yoyote uliyonayo kwenye simu yako, uone lile pengo baada ya G, neno linakatika vipande viwili, NG halafu OMBE. Kwa sababu kwao waliochora hizo fonti kile kialama ni cha kukatisha neno, kwetu ni sehemu ya sauti, ni herufi kabisa, ng' ni moja. Mi nimekipima upya, nimekishusha na kukivuta kiingie kwenye bega la G, na O nimeisogeza chini yake. NG'AMBO, NG'OMBE, KUNG'ARA. Sasa linasomeka neno moja.

Kuna duka moja la kuprinti fulana nilipeleka kazi, nimeandika KUNG'ARA kifuani, wao kompyuta yao haikuwa na fonti yangu ikaweka nyingine kimyakimya, na ile ng' ikaachana, fulana 20 zote. Wakasema mbona linasomeka. Ndo nikajifunza kabla ya kupeleka faili popote geuza maandishi yawe michoro, fanyeni hivyo kila mara. Za pili nilichapa mwenyewe na skrini, ule wavu wa kupitishia rangi, kwenye fremu ya mbao, na hapo vile vikona vya mzee vikafanya kazi kwenye kitambaa pia, rangi ya fulana ni nzito inatapakaa kuliko wino, na matumbo ya A yote yalibaki wazi.

Mtu akitafuta fonti ya Kiafrika mtandaoni analetewa herufi za mianzi, herufi zenye milia ya pundamilia, vibanda vya nyasi. Mi sizitaki na nasema wazi. Milia imebandikwa juu ya herufi iliyopimwa kwa maneno ya mtu mwingine, haijui hata kama tuna ng'. Herufi yetu inaanzia kwenye nafasi kati ya K na W.

Nilichobakiza ni kingi. Herufi ndogo sijamaliza, na hesabu yake ni tofauti kabisa sababu a ndogo haiko sawa kwenye kioo. Na nataka kwenda kwenye zile herufi za Kiarabu za kanga za kwanza, Waswahili waliongezea alama kwa ajili ya p na ch na g na v ambazo Kiarabu hakina, nataka kuzichonga kwa raba hiihii nione mkono utasema nini. Nimeshaanza na ch. Inaniuma vidole.

Naona raba imerudi. Asante. Haya, nimeweka meza pale nyuma, kuna raba za NG' na KW na za A zote nne, kuna karatasi za manila na mwiko wa pili, yeyote anayetaka achape jina lake aje. Wino wa bluu ndo nimeumwaga sasa hivi kwa hiyo kunjeni mikono ya mashati, na mkiviringisha rola sikilizeni kwanza kabla hamjapaka.